Mume wangu anasema nalipia woga

Shikamoo Shangazi,

Sijui kama haya ni mambo ya kukuletea wewe. Wenzangu wanakuandikia habari za ndoa na wakwe, mimi nakuja na kompyuta. Lakini imefika mahali mimi na mume wangu tukikaa mezani tunazungumza na watoto tu, na chanzo ni kompyuta hiyo.

Nyumbani tunayo moja, tunaitumia wote. Usiku nafanyia kazi yangu ya hesabu. Wateja wangu ni wafanyabiashara wadogo, wananitumia risiti na taarifa zao za benki, nami nawapangia vitabu. Mume wangu analipia bili na kutazama mpira. Kijana wetu wa miaka 14 anafanyia kazi za shule, ingawa nikipita nyuma yake mara nyingi ninachokiona ni michezo, na vile vikorokoro vya kuongezea kwenye michezo anavyovitoa huko mtandaoni. Mdogo wake bado anachora tu.

Kwa miaka 3 tumekuwa na antivairasi ya kulipia, ile programu ya kukinga kompyuta na virusi. Mwaka wa kwanza bei ilikuwa ya chini, nikaona si haba. Baadaye ikawa inajikata yenyewe kwenye kadi ya mume wangu, na safari hii kilichokatwa kilikaribia mara mbili ya kile cha mwanzo. Aliona ujumbe wa benki, akaniuliza hii ni nini. Nikababaika. Akampigia kaka yake, ambaye kazi yake ni kompyuta, akaweka spika nisikie. Shemeji akacheka: "Windows ina kinga yake ya bure. Hizo nyingine ni biashara ya kutisha watu." Tangu hapo nikigusa habari hiyo naambiwa nalipia woga. Wakaomba pesa zirudishwe, zikarudi, wakazima kule kujikata, na sasa programu imebakiza siku chache iishe.

Siku hizo ndizo zinazoninyima raha. Nikiwasha kompyuta, pale chini kulia kinachomoza kisanduku chekundu: ulinzi wako unakwisha, uko hatarini. Nakifunga, kinarudi. Kuna kingine kinakuja na mlio, kinasema virusi 5 vimepatikana, na jina lililoandikwa hapo si la programu tuliyonunua. Halafu juzi nimepata barua pepe yenye ankara, eti nimelipishwa ya miaka 2, nikitaka kughairi nipige namba iliyoandikwa. Sijapiga, ila sijaifuta pia.

Woga wangu una sababu. Mwaka jana mdogo wangu aliwasha kompyuta yake akakuta faili zote zimebadilika majina, hakuna inayofunguka, na karatasi moja inadai alipe kwa bitcoin, zile pesa za mtandaoni. Picha za mwisho za marehemu mama yetu zilikuwa humo. Yeye alikuwa anatumia hiyo hiyo ya bure ya Windows. Alisema alikuwa ameizima kidogo tu, ilikuwa inamkatalia programu ya kuhariri video aliyopewa na rafiki yake, akasahau kuiwasha. Faili bado amezihifadhi hivyo hivyo, hana moyo wa kuzifuta.

Kompyuta yetu ni ya zamani kidogo, ina Windows 10, na shemeji alishasema haipandi kwenda 11.

Nimefikiria kuilipia kwa pesa zangu bila kumwambia mume wangu. Nikiacha halafu kikatokea kilichomtokea mdogo wangu, lawama atabeba nani? Nisaidie, Shangazi.

Ni mimi, Mama wa Kompyuta Moja

*

Marahaba mwanangu,

Umekuja mahali pake. Ndoa zinazoletwa hapa zimegombania vitu vidogo kuliko kompyuta, na nikisoma barua yako naona kompyuta imebeba mizigo isiyo yake. Unauliza kama kinga ya bure inatosha. Ndani yake unauliza pia kama unaruhusiwa kuogopa katika nyumba yako bila kuchekwa kwenye spika. Nitajaribu kuyajibu yote mawili, lakini kwanza nitoe njiani jambo lisilosubiri.

Namba hiyo usiipige. Ankara za namna hiyo hutumwa kwa maelfu ya watu kwa mkupuo, kwa kubahatisha kwamba baadhi yao wana antivairasi ya kulipia na watashtuka. Ukipiga, utapokewa na mtu mpole sana, atakuomba uweke programu ya kumwezesha kuiona kompyuta yako akiwa mbali "akurudishie pesa", na kabla hamjaagana atakuwa ameshaomba ufungue akaunti ya benki. Kama unataka kujua umekatwa au hujakatwa, andika mwenyewe anwani ya kampuni mliyonunua kwao, ingia kwenye akaunti yenu uangalie, au tazama taarifa ya benki. Kisha ifute.

Na kile cha virusi 5 chenye mlio, kikija tena usikibofye, kisome. Kwa kawaida utaona kwa maandishi madogo jina la kivinjari chenu, yaani programu mnayofungulia tovuti, pamoja na anwani ya tovuti fulani usiyoijua. Maana yake hakuna kilichokagua kompyuta yako. Kuna siku mmoja wenu aliingia kwenye tovuti ikamuuliza "ruhusu arifa?", akabonyeza ruhusu ili apite, na tangu siku hiyo tovuti hiyo inawatumia matangazo yaliyovaa sura ya onyo. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa za tovuti, uondoe kila usichokitambua. Ni kazi ya dakika chache, na huenda nusu ya woga wako ikaondoka nayo.

Sasa shemeji yako. Alichosema kuhusu Windows kina ukweli mwingi. Zamani mtu aliyenunua kompyuta ya Windows alilazimika kutafuta kinga mwenyewe. Mwaka 2009 Microsoft ilitoa programu yake ya bure ya kupakua, na kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 kinga inayoitwa Defender inakuja ndani ya mfumo wenyewe. Miaka ya mwanzo ilidharauliwa, na ilistahili. Kwenye majaribio ya maabara ilikuwa ikiburuza mkia. Siku hizi si hivyo. Maabara kama AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria, ambazo kazi yao ni kuzipambanisha programu hizi, mara nyingi huipa Defender alama zilizo sawa na za wanaolipisha au karibu yake. Udhaifu mmoja unaojulikana ni kwamba inategemea sana intaneti. Kompyuta isiyo mtandaoni inayopokea flashi za kila mtu inapata ulinzi pungufu.

Kuna jambo jingine ambalo kisanduku chekundu hakikwambii. Ukiweka antivairasi ya kampuni nyingine, Defender hujiweka pembeni, kwa sababu mbili zikifanya kazi pamoja hukwaruzana. Ile nyingine ikiondolewa, Defender hurudi kazini yenyewe. Kwa hiyo siku yenu ya mwisho ikifika, kompyuta haibaki uchi. Sharti langu ni moja: programu iliyokwisha muda msiiache imelala humo. Iondoeni kabisa, zimeni kompyuta na kuiwasha, kisha andikeni Windows Security kwenye kisanduku cha kutafutia mfungue na kuhakikisha kwamba ulinzi umewaka na jina linaloonekana ni la Defender.

Lakini kusema zile nyingine zote ni biashara ya kutisha watu, hapo shemeji amepitiliza. Visanduku vinatisha, ndiyo, na ile bei ya mwaka wa kwanza inayopanda kimyakimya ni mtego ambao hata mimi unaniudhi. Hata hivyo anayelipa anapata vitu: leseni moja kwa kompyuta na simu kadhaa, udhibiti wa anachotazama mtoto, hifadhi ya nywila, VPN (njia ya kuficha mawasiliano yako mtandaoni), na mtu wa kumuuliza mambo yakiharibika. Swali ni lako, mwanangu: katika miaka hiyo 3, ni kipi kati ya hivyo mmekitumia? Kama ni udhibiti wa watoto na kijana wako anauheshimu, hiyo ni hesabu moja. Kama hukuwahi hata kuifungua zaidi ya kufunga visanduku vyake, hiyo ni nyingine. Tazama pia upande wa kazi. Unashika taarifa za benki za watu. Kama kuna mteja mliyeandikiana naye masharti ya kulinda taarifa zake, yasome kabla hujaamua lolote, maana huko uamuzi huenda usiwe wa mume wala wa shemeji.

Mume wako akisema "basi tuweke nyingine ya bure", muulize hao wa bure wanakula nini. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliibana Avast, kampuni inayotoa antivairasi ya bure, ilipe dola milioni 16.5 kwa sababu kumbukumbu za tovuti walizotembelea watumiaji wake zilikuwa zimekusanywa na kuuzwa kupitia kampuni yake tanzu. Hao ndio waliokuwa wakiwaahidi watu faragha. Defender nayo ni ya bure, ila gharama yake imo ndani ya Windows yenyewe.

Nirudi kwa mdogo wako, ambaye umempitia haraka. Umeandika kwamba alikuwa anatumia ya bure, kana kwamba hapo ndipo lilipo kosa. Lakini sentensi inayofuata inasema aliizima. Na aliizima kwa nini? Kwa sababu ilikuwa inamkatalia ile programu! Ninavyoisoma mimi, kinga ya bure iliona kitu ikasema hapana, na mwenye kompyuta akaitoa njiani. Angekuwa na ya kulipia nayo ingekataa, na ukinisikiliza vizuri, naye angeizima. Maelekezo ya hizo programu za kraki, yaani zilizovunjwa kufuli ili zitumike bila kulipiwa, karibu kila mara huanza na "zima antivairasi kwanza". Simlaumu, mtu akitaka kitu chake kifanye kazi, onyo linakuwa kero tu. Hata kirusi cha kwanza kinachojulikana cha kudai fidia, mwaka 1989, kilikuja kwa posta ndani ya diski, kikaingizwa kwenye kompyuta na wenye kompyuta wenyewe, kisha kikawadai dola 189 zipelekwe kwa sanduku la posta huko Panama.

Ndiyo maana nikisoma barua yako macho yangu yanakwenda kwa kijana wako wa miaka 14 kabla ya kwenda kwenye antivairasi. Hivyo vikorokoro vya michezo vinapita mlango ule ule wa programu ya video. Na vinavyoletwa huko siku hizi mara nyingi havifungi faili wala kudai pesa. Vinachota nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na kuondoka kimya, usione chochote. Kimoja kinachoitwa Lumma, Microsoft ilikihesabu kwenye kompyuta zaidi ya 394,000 ndani ya miezi 2 tu ya mwaka 2025, kabla hawajashirikiana na vyombo vya sheria kuvuruga mitambo yake. Sasa fikiria kivinjari anachotumia mtoto kwa michezo ndicho chenye nywila zako za kazi.

Mfungulie akaunti yake isiyo na mamlaka ya kuweka programu, nawe uwe na yako. Akitaka kitu, akuite. Atanuna. Weka uthibitisho wa hatua mbili (nywila pamoja na kitu cha pili, kama namba inayokuja kwenye simu) kwenye barua pepe na benki. Kwenye Windows Security, sehemu ya virusi vya fidia, kuna ulinzi wa folda ambao kwa kawaida huja umezimwa. Ukiuwasha, programu isiyojulikana haiwezi kugeuza faili zako. Utakusumbua siku za mwanzo kwa kuzuia hata programu halali, lakini unaweza kuziruhusu mojamoja. Na ununue diski ya nje, unakili kazi na picha, kisha uichomoe. Ikiachwa imechomekwa, kirusi kitaifunga pamoja na nyingine.

Hebu sasa niseme kilichonishtua mimi, maana katika nyumba nzima hakuna aliyekitaja kama tatizo: Windows 10. Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Defender ndani yake wameahidi kuendelea kuilisha taarifa za virusi vipya hadi Oktoba 2028, na hiyo inawachanganya wengi, wanaona alama ya kijani wanatulia. Lakini kumtambua mwizi na kuziba ufa ukutani ni kazi mbili. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba ufa mmoja wa Windows. Mei ya mwaka huo kirusi cha kudai fidia kiitwacho WannaCry kikapita katika ufa huo huo, kikasambaa nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wameweka kiraka, au walikuwa na Windows ya zamani mno.

Kwa watumiaji wa nyumbani ilitangazwa nyongeza ya masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha. Fungua sehemu ya Windows Update uone kama yenu imejiandikisha. Hiyo ni kununua muda tu. Baada ya hapo kuna kompyuta nyingine, au kuweka Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kwenye hii ya zamani, njia ambayo inawafaa wengi lakini inaweza kukunyima programu yako ya hesabu. Ada ya antivairasi ya mwaka mzima haizibi ufa huu. Labda ingeanza kuwekwa kando kwa ajili ya kompyuta ijayo. Labda mna uwezo wa yote mawili. Hesabu hiyo ipigeni wawili, nami sitaipiga kwa niaba yenu.

Maana sasa nafika kwenye ile habari ya kulipia bila mume kujua. Naelewa ilikotoka. Mtu akichekwa mbele ya shemeji hatamani kuomba tena ruhusa. Lakini jiulize unanunua nini hapo. Kompyuta ni ya wote. Siku moja atawasha yeye, atakuta ile programu iliyopaswa kufa ingali hai, na mazungumzo yatakayofuata hayatakuwa ya virusi tena. Na wewe mwenyewe, utapumua kweli, au utakuwa na woga wa pili juu ya ule wa kwanza?

Ningependa pia umtazame mume wako upya kidogo. Aliona pesa zimetoka kwenye kadi yake bila kuarifiwa, kiasi kikubwa kuliko alichozoea. Hasira ya kwanza inaelekea ilikuwa ya kampuni. Wewe ndiye uliyekuwa karibu. Neno "woga" lilikuwa la dharau, na una haki ya kumwambia hivyo mkiwa peke yenu, bila spika. Mwambie habari ya picha za mama. Inawezekana anaijua kama habari ya kompyuta ya mdogo wako, hajaijua kama msiba wako.

Mkiamua kuendelea kulipia, zimeni kujikata kwenyewe na mchague upya kila mwaka mkiwa mmeona bei. Hatari ya njia hiyo ni kulala usingizi: kwamba tumelipa, kwa hiyo kijana afanye atakalo. Mkiamua kuacha, hatari yake ni kwamba kitu cha bure hakina mwenyewe. Muulize mume wako, kwa upole, nani ataangalia masasisho, nani atachomeka ile diski kila wiki. Akijibu "kaka", basi kaka akubali kwa mdomo wake. Hata lawama unayoiogopa ni rahisi kuigawa sasa kuliko siku ya tukio: kaeni, na kijana awepo, mseme tukipoteza vyote vilivyomo humu leo, tutalia nini? Majibu yenu yanaweza kutofautiana kuliko mnavyodhani.

Na kwa mdogo wako nina neno. Amefanya vyema kutozifuta faili hizo. Tangu mwaka 2016 polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta wanaendesha mradi uitwao No More Ransom, tovuti yake ni nomoreransom.org. Anapakia faili moja au mbili zilizofungwa pamoja na ile karatasi ya madai, inamwambia kama ufunguo wa kirusi hicho umeshapatikana. Ni bure. Si kila kirusi kina ufunguo, na mwingine hupatikana baada ya miaka, kwa hiyo akikosa leo azihifadhi kwenye diski na kujaribu tena baadaye. Asimlipe mtu yeyote anayejitangaza mtandaoni kwamba anafungua. Ukijua alichojibiwa, niandikie.

Shangazi